Kisu Kikisimama

Ungemkuta sokoni na ndala zake, anabishania bei ya nyanya, usingejua kwamba ndiye mwanamke anayewakosesha watu usingizi. Mtaani walimwita Bi Vitisho. Wasomaji wa vitabu vyake walimdhania mtu wa mishumaa na vyumba vya giza, kumbe giza analiogopa vibaya mno, na mende akipita ukutani anapanda kiti. Aliandika asubuhi, kitandani, jua limeingia hadi uvunguni, redio inaongea, mlango wazi, na miguu ameifunika shuka hata siku za joto la kuua mtu. Miguu ikikaa nje, alisema, kitu kinaweza kuishika. Kitu gani? Kile alichokibuni mwenyewe jana yake.

Lakini kuandika ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ya dada yake.

Dada alihamia kwake baada ya kufiwa na mume, na kwa woga hakuwa na mfano. Simu ikilia ghafla, anashika kifua. Kwa Bi Vitisho, mtu huyo alikuwa lulu. Kila alipomaliza sura alikwenda jikoni, akaketi mkabala naye, akavaa miwani na kumsomea huku Dada akimenya viazi. Masharti yalikuwa mepesi: Dada asiulize, asigune, asimkatishe, maana neno moja likiingia katikati, hofu yote inamwagika. Kipimo kilikuwa kisu. Kisu kikiendelea kumenya, kurasa zile zilikwenda kuwashia jiko. Kikisimama, zimepona.

"Leo utanisindikiza mpaka chooni, mdogo wangu," Dada alikuwa akisema baadaye, nao wakacheka hadi machozi yakawatoka.

Kitabu hiki cha mwisho kilimgomea. Sura baada ya sura, kisu kilimenya tu kana kwamba Dada anasomewa bei za mahindi. Mchapishaji alipiga simu, kisha akaacha kupiga, na hilo la kuacha ndilo lililomtisha zaidi. Bi Vitisho akaanza kuamini kwamba amekwisha.

Asubuhi moja akaja na kurasa mpya. Mama anaanua nguo kambani, anakuta shati ambalo si la mtu yeyote wa nyumba ile, nalo bado lina joto la mwili. Alipofika pale mama anapoingiza mkono ndani ya shati, kisu kikasimama.

Moyo ulimruka kwa furaha. Akashusha sauti, akasoma polepole kama afanyavyo anapofika penye utamu, akachungulia juu ya miwani. Dada alikuwa amekodoa macho, mdomo umelegea upande. Hajawahi kumpata namna ile. Akatabasamu, akafungua ukurasa uliofuata, akausoma wote. Akaanza mwingine.

Kiazi kikadondoka, kikabiringika hadi miguuni pake. Ndipo alipotazama sawasawa. Mate yalikuwa yanamtiririka Dada kidevuni, mkono wa kulia unaning'inia, naye anateleza taratibu kutoka kwenye kigoda.

Mwanamke huyu aliyewaua watu chungu nzima vitabuni hakujua la kufanya. Aliganda, karatasi mkononi. Ukelele alioupiga baadaye ndio uliomleta fundi friji kutoka karakana ya chini, naye bila swali akambeba Dada hadi kwenye gari lake, akamlaza katikati ya waya na mitungi ya gesi.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Dalili zilianza lini?"

"Kisu kiliposimama."

Daktari akamtazama. "Mama, nisikilize. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila ina muda wake. Mlikaa muda gani kabla ya kuondoka nyumbani?"

"Nilikuwa namsomea."

"Muda gani?"

Hakujua. Karatasi zilikuwa bado mkononi, zimelowa jasho. Hapo hapo, mbele ya daktari na muuguzi, akaanza kuzisoma upya kuanzia pale kisu kiliposimama, kwa mwendo uleule, ili wapime wenyewe kwa saa. Alisoma kuhusu shati na mkono na joto la mwili, na kila sentensi aliyoipenda asubuhi ilimchoma, maana sasa alijua kilichokuwa kinatokea upande wa pili wa karatasi.

"Inatosha," daktari akamkatisha. "Ni dakika chache tu. Hamjachelewa."

Daktari alidhani anamfariji.

Dada hakufa. Maneno yakaanza kumrudia, mazito, moja moja, na Bi Vitisho akawa anashinda kando ya kitanda akiomba jambo moja tu, kwamba Dada asikumbuke.

"Nilikuwa nakuita," Dada akasema mchana mmoja. "Mdomo ukakataa. Nikakutazama, ili ujue." Akapumzika kidogo. "Ukanichekea."

Bi Vitisho akasogeza kiti karibu. "Nilidhani umeogopa, Dada. Nisamehe."

"Niliogopa, ndiyo." Dada alimkazia macho kwa muda. "Umeshaiandika?"

Angeweza kudanganya, kwani kutunga uongo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini aliduwaa kwa jinsi Dada anavyomjua. Alikuwa ameiandika siku ya pili tu, kwenye benchi la nje ya wodi, mate na mkono na kiazi, na Mungu amsamehe, hajawahi kuandika kurasa nzuri kama zile. Kilichomshtua kuliko kiharusi chenyewe ni kwamba mkono haukumtetemeka hata kidogo.

"Nimeiandika."

Muuguzi alipita na trei yake, akapotelea mwisho wa wodi.

"Hiyo usinisomee," Dada akasema, akageukia ukutani.