Neno la Mzee Vuai kutoka Leningrad

Mzee Vuai, Mzanzibari anayechomelea mageti hapa Rosettenville, alisomea ufundi Leningrad enzi za Umoja wa Kisovieti. Cheti kilipotea zamani, ila neno moja la Kirusi alibaki nalo: khaltura. Kazi ya kulipua. Geti likipinda, khaltura. Chai ikikosa iliki, khaltura. Chai yenyewe naipika mimi mkewe, kwa hiyo nimelisikia hadi masikio yameota sugu.

Siku moja alinieleza asili yake. Zamani, kwa Warusi, lilikuwa jina la orodha ya marehemu ambayo padri aliisoma akiwaombea. Baadaye likawa jina la pato la mazishini: padri anakimbiza sala, anakula, anapokea chake, anawahi msiba mwingine.

Mwaka 2018 rafiki yake Bakiri, Mtanga aliyefanya naye kazi miaka tisa, aligongwa na gari akafa. Tukamzika huku huku ugenini. Siku ya hitima wanaume walikaa uani, sisi wanawake jikoni, mlango wazi. Ustadhi aliyealikwa alichelewa, kisha akasoma mbio mbio, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye sufuria la pilau. Alikuwa na shughuli nyingine Midrand. Kwenye dua akamwombea "marehemu wetu huyu," basi, amin.

Damu ilinichemka. Mtu mzima kafa, hata jina asitajwe! Nilishaweka mwiko chini nikamwambie, Vuai akanitangulia.

"Khaltura!" alifoka. "Huyu ana jina! Rudia dua, umtaje yeye na baba yake!"

Ustadhi hakubisha. Aliinua mikono upya. "Sawa, mzee. Bakiri bin nani?"

Vuai akamtazama Karimu, aliyekuwa akiishi na Bakiri chumba kimoja kule La Rochelle.

"Eish, mzee. Sijui."

Na mimi, niliyempakulia Bakiri wali kila Ijumaa, sikujua. Hasira yote ikanigeukia mwenyewe.

Pilau ikapoa. Vuai akaomba namba ya Tanga tuliyoipiga siku ya msiba, akampigia mama wa marehemu, akaweka spika.

"Asalaam aleikum, mama. Mimi Vuai, rafiki yake Bakiri. Tunamwombea dua, tunataka jina la baba yake."

"Wewe ndiye Mzee Vuai?" mama aliuliza. "Alikutaja kila alipopiga. Jina la mkeo nalijua, la marehemu baba yako nalijua. Na wewe hukumuuliza la baba yake hata mara moja?"