Somo la Dakika Arobaini

Shuleni kwetu tulimwita Mama Irabu. Hata wazazi walimwita hivyo, na kuna mgeni mmoja wa ofisi ya elimu aliliandika jina hilo kwenye ripoti yake akidhani ndilo la kwenye kitambulisho. Kwa miaka ishirini na tatu alifundisha darasa la kwanza tu. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, yeye na a, e, i, o, u yake wakabaki palepale, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji.

Mimi nafundisha sayansi madarasa ya juu. Katika chumba cha walimu meza yangu na yake zimegusana, ndiyo maana aliniita Jirani. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba sisimulii ya kuambiwa. Nilikuwepo, na mpaka leo natamani nisingekuwepo.

Siku alipotuambia amejiandikisha shahada ya uzamili ya elimu, ile ya walimu walio kazini inayosomwa kwa mtandao, aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo ni mimi. Nikamwuliza, "Mwalimu, uzamili wa ba-be-bi? Hao watoto watakudai cheti?" Chumba kizima kikacheka. Yeye alikuwa anakata kadi za silabi kwa mkasi, wala hakuinua macho.

"Jirani," akasema, "mwanao akiumwa, unamtafutia daktari aliyesoma kidogo kwa sababu mgonjwa ni mfupi?"

Nina ulimi mrefu, lakini nikishindwa huwa najua.

Aliyemsukuma kwenye masomo hayo alikuwa mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu. Tulimwita Mzee Sentimita kwa sababu alitembea na rula ya mbao katika mfuko wa shati, hata baada ya kustaafu. Mkewe alituapia kwamba nyumbani mkate haukatwi mpaka upimwe. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake aliifanya bila kutabasamu, kwa hiyo mgeni hakujua kama acheke au aombe radhi.

Zamani, akiwa kijana, Mzee Sentimita naye alipata nafasi ya kusoma shahada hiyohiyo. Lakini mwaka huo mkewe aliitwa chuo cha ualimu, na binti yao alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mmoja ilibidi abaki na mtoto. Akasema yeye atakwenda mwaka ujao. Mwaka ujao ulichukua miaka thelathini, na ulipofika hakuutaka tena kwa ajili yake, aliutaka kwa ajili ya mkewe. Alichora jedwali la visanduku kumi, mistari yake imenyooka kama alivyonyooka mwenyewe, akalibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila somo mkewe alilofaulu, yeye alikijaza kisanduku kimoja kwa kalamu nyekundu.

Mama Irabu alisomea chumba cha walimu, saa za jioni wanafunzi wakishaondoka, kwenye dirisha la tatu kwa kuwa ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Siku ya kwanza ya mhadhara alitaka kuuliza swali. Akanyoosha mkono mbele ya kompyuta, akangoja. Akaendelea kungoja, mkono juu, kwa adabu zote, mpaka mhadhiri akamaliza kipindi na kuaga. Hakujua kwamba kuna kitufe cha kubonyeza. Nilimtania kwa hilo muhula mzima. Lakini alijifunza, na kidogo kidogo nikaanza kuona mabadiliko hata darasani kwake. Watoto waliokuwa wagumu kusoma aliacha kuwaweka nyuma, akawaleta mbele. Mwaka wa pili ulipoisha, visanduku tisa vilikuwa vyekundu.

Kilichobaki ni kimoja. Zoezi la mwisho lilikuwa video ya somo lake mwenyewe, dakika arobaini mfululizo, isiyokatwa popote. Ikikatwa hata kidogo, haipokelewi. Pamoja na video kulikuwa na fomu ya kujitathmini.

Jambo la dakika arobaini linaonekana dogo kwa mtu asiyewajua watoto wa miaka sita. Mara ya kwanza mkuu wa shule aliingia katikati kutangaza habari za sare. Mara ya pili mmoja alitapika. Mara ya tatu simu ya kurekodia ilizima. Mara ya nne binti mmoja alisimama kwa heshima na kusema, "Mwalimu, ile simu inatuangalia," na darasa zima nalo likageuka kuiangalia. Shule ikafungwa bila video, na tarehe ya mwisho ilikuwa ndani ya likizo.

Chuo kikamruhusu atumie watu wazima. Kila aliyepita chuo cha ualimu anaujua mchezo huu. Wenzako wanakaa kwenye madawati, wanajifanya watoto, nawe unawafundisha. Kazi yao ni kukusumbua. Mmoja anaomba kwenda chooni, mwingine anaiba penseli, mwingine analala. Bila vituko, mkufunzi ataona huna darasa, una wageni.

Basi Jumamosi moja asubuhi tukakusanyika chumba cha mwisho karibu na bomba. Tulikuwa watano: mimi, walimu wawili, karani wa shule, na Mzee Sentimita. Simu iliegemezwa kwenye rundo la vitabu. Mzee akachagua dawati la nyuma kabisa, magoti yakamfika kifuani kwa udogo wa benchi, akaishika rula yake kama penseli.

"Mimi nitakuwa yule mvivu," akasema. "Kila darasa linaye mmoja."

"Ukinichekesha nitakutoa nje, Mzee," mkewe akajibu.

Nimewahi kukaguliwa na nimewahi kukagua, na nasema kweli, sijaona somo zuri kama lile. Alitushika. Nilisahau kwamba najua kusoma. Karani alipoomba kwenda chooni alipewa ruhusa kwa ishara ya kidole, somo halikukatika. Nilipomnyang'anya mwenzangu kadi, nilijikuta nimeinuliwa niende kuisoma ubaoni.

Dakika ya ishirini na sita, Mzee Sentimita akalaza kichwa juu ya dawati.

Mama Irabu akamwona. "Yule wa nyuma," akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "usingizi ukiisha utatuambia umeota nini."

Tukacheka. Mimi nikaongeza, kwa sauti ya kitoto, "Mwalimu, huyo kwao wote wanalala." Tukacheka zaidi. Hapo rula ikaanguka sakafuni. Niliisikia vizuri. Nikawaza, huyu mzee anajua kuigiza. Somo likaendelea dakika kumi na nne nyingine.

Simu ilipolia kuonyesha muda umekwisha, tulipiga makofi. Mama Irabu alikwenda nyuma huku anajifuta chaki, uso wote umejaa furaha. "Mzee, amka, tumemaliza. Umeigiza kuliko nilivyofundisha." Akamgusa bega. Kisha akamgusa tena, na niliona mkono wake ukibaki palepale begani, haushuki wala haupandi.

Alikuwa bado anapumua. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Tulimbeba na lile benchi, tukampeleka hospitali kwa gari la mwalimu mwenzetu, na siku ya pili yake alfajiri akafariki. Daktari alisema ni kiharusi, mshipa mkubwa umepasuka kichwani. Akasema dakika kumi na nne hazingebadilisha kitu. Aliyasema mara mbili, kwa upole, akimtazama Mama Irabu. Mama Irabu aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mtoto aliyeambiwa jambo asiloliamini. Mimi nami sikuliamini, na sijui ni nani angeweza kuniaminisha.

Baada ya maziko binti yao aliandikia chuo kwamba baba amefariki. Mhadhiri akajibu kwa maneno ya huruma, akaongeza wiki sita, na mwishoni akaandika kwamba kama mwanafunzi wake ana video iliyokamilika tayari, basi aitume hiyo apumzike. Hakujua anasema nini. Hakuna aliyemwambia.

Binti akamshika mama yake mikono. "Mama, itume. Baba aliitaka hii shahada kuliko wewe. Itume iishe."

"Nitaiangalia kwanza," mama akasema.

Aliniita niwe naye. Tukakaa dirisha la tatu, mchana kweupe, shule tupu. Tukaliangalia somo. Lilikuwa zuri vilevile, na hilo ndilo lililoniuma. Akafika pale alipotoa utani wake, kicheko chetu kikajaa chumba, na chini ya kicheko, kwa uwazi kabisa, ikasikika rula ikigonga sakafu. Akasimamisha video.

"Jirani, siku ile uliisikia?"

Ningeweza kumwongopea. "Niliisikia," nikasema.

"Mimi pia niliisikia. Miaka yote ile sijawahi kumwona akiiangusha."

Akaifunga kompyuta. Wiki tatu hakuifungua, na mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Nilikuwa najua kinachosubiriwa. Ama aitume video ile, ama arekodi nyingine, ama visanduku tisa vibaki tisa na miaka thelathini ya yule mzee iende bure. Shule ilipofunguliwa alirudi darasani, akafundisha ba-be-bi kama kawaida, lakini nilipopita dirishani nilimwona anafundisha huku anatembea katikati ya madawati tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusimama tena mbele.

Zilipobaki siku nne aliniambia, "Kesho narekodi. Simama mlangoni, mkuu asiingie."

Nikasimama. Watoto walikuwa arobaini na wawili, safari hii wametulia, labda kwa kuwa waliambiwa nyumbani kwamba mwalimu ana msiba. Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ndogo lakini inafika. Nikaanza kuhesabu moyoni, kumi, kumi na tano, nikimwomba Mungu asitokee wa kutapika.

Dakika ya kumi na tisa, binti mmoja wa dawati la nyuma akalaza kichwa.

Mama Irabu aliliacha neno katikati. Chaki ilianguka, naye akawa ameshafika nyuma, amepiga magoti, amekiinua kile kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu. Mwanangu, nitazame. Unaumwa wapi?"

Mtoto akafumbua macho. "Siumwi, mwalimu. Nimeshiba."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikaa sakafuni kando ya dawati, akaushika mkono wa yule mtoto, na hakuinuka tena. Watoto walingoja kidogo, kisha wakaanza kugeuka, kisha wakaanza kelele. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba muda unakwenda. Aliniona. Simu iliendelea kurekodi ubao mtupu mpaka dakika arobaini zikatimia, na mtoto alikuwa amelala tena zamani, mkono wake mkononi mwa mwalimu.

Video aliyoituma ni hiyo.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Alifaulu, lakini kwa chupuchupu. Waliandika kwamba mwalimu amepoteza udhibiti wa darasa na somo halikufikia lengo lake. Kwenye matumizi ya muda walimpa sifuri. Nilihamaki. Nilitaka kuwaandikia barua yenye maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Yeye akaniambia, "Waache, Jirani. Wamesema kweli." Kwenye mahafali hakwenda. Binti yake alikwenda kumchukulia cheti, na nilipopita nyumbani kutoa pongezi kabati lilikuwa wazi. Visanduku tisa vyekundu, cha kumi cheupe. Kalamu ilikuwa juu ya rafu, palepale alipoiacha Mzee mwenyewe.

"Hukijazi?" nikauliza.

"Hiyo si kazi yangu," akasema, na akaenda jikoni kunitafutia chai ambayo sikuiomba.

Ile fomu ya kujitathmini nilikuja kuiona siku nyingi baadaye, alipokuwa anasafisha meza yake na karatasi zikahamia kwangu. Alama za fomu hiyo hazikutolewa maelezo yoyote, sijui kama kuna aliyeisoma. Swali la mwisho liliuliza: kama ungepata nafasi ya kurudia somo, ni katika dakika gani ungefanya tofauti, na ungefanya nini? Mwandiko ni ule wake wa ubaoni, herufi kubwa za duara, za kusomwa na mtoto.

Ameandika: "Katika somo hili, hakuna. Katika lile ambalo sikulituma, dakika ya ishirini na sita. Rula ilianguka, nikaisikia, nikaendelea kufundisha. Ningekwenda kuiokota."