Shikamoo Iliyompita Bi Husna

Mwatumu alikata shauri kwamba macho yake yatarekebishwa kwa leza, na sababu haikuwa urembo. Sababu ilikuwa mama yake mkubwa, Bi Husna, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hasemi naye.

Huyu Mwatumu anauza katika duka la vifaa vya ujenzi pale Manundu, mjini Korogwe. Ukimkuta nyuma ya kaunta, kati ya misumari na mifuko ya saruji, utadhani duka ni lake, kwa jinsi anavyowabana mafundi wanaojifanya wanajua kila kitu. Lakini tangu darasa la tano alikuwa haoni mbali. Bila miwani, mtu aliye ng'ambo ya barabara alikuwa ukungu uliovaa nguo. Na miwani yenyewe ilikuwa ya vioo vinene, inayoteleza puani kila akitoka jasho.

Kijijini kwao, upande wa Handeni, miwani ni ya wazee wanaosoma msahafu. Msichana akivaa, anaringa. Bi Husna ndiye aliyemlea Mwatumu tangu alipoachishwa ziwa, kwa kuwa mama yake mzazi, Bi Hamisa, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule Hale. Na ni huyo huyo Bi Husna aliyemwambia siku moja, "Hebu vua hayo mavioo, nikuone uso." Basi tangu hapo, kila akienda nyumbani, Mwatumu alikuwa akishuka Segera kubadili gari, anavua miwani, anaitia mkobani. Alivua kwa heshima.

Siku ya balaa, Bi Husna naye alikuwa pale Segera, ameketi kwenye benchi la wauza machungwa akisubiri gari la Handeni. Mwatumu akapita mbele yake, karibu kabisa, asisimame wala asigeuke. Na taratibu zetu zinajulikana: mkubwa hamwanzi mdogo. Mdogo anatoa shikamoo, mkubwa anaipokea. Bi Husna akakaa anaingoja shikamoo yake, na wauza machungwa wanatazama. Haikuja. Angeita jina, mambo yangekwisha pale pale. Lakini kuita kungekuwa sawa na kuomba salamu, na Bi Husna si mtu wa kuomba.

Mwatumu alipokwenda kuomba radhi, alijibiwa kwamba mtu hawezi kuliona basi, akamwona kondakta, halafu asimwone mama yake. Alipokwenda tena, Bi Husna aliingia ndani, akafunga mlango. Bi Hamisa, mdogo mtu, hakuthubutu kumsemea mwanawe.

Utasema: si angevaa miwani yake moja kwa moja, yakaisha? Alivaa, na ikawa mbaya zaidi. Bi Husna aliwaambia majirani kwamba mtoto amejitundika vioo ili watu waamini uongo wake. Ndipo Mwatumu akapania kurudi kijijini uso mtupu, amwone mama yake mkubwa toka mbali, amsalimie waziwazi. Unaweza kumcheka. Mimi simcheki, maana kununiwa na aliyekulea kunauma kuliko ugonjwa.

Hospitali ilikuwa Dar es Salaam. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alianza na maswali: namba ya miwani imebadilika karibuni? Una mimba? Unanyonyesha? Kisha akamkalisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, akamtia matone ya kupanua mboni, na Mwatumu akashinda siku nzima akikwepa jua.

"Si kila anayekuja namkubali," alisema daktari. "Hiki kioo cha mbele ya jicho kikiwa chembamba, nakurudisha na miwani yako. Na hata nikikufanyia, ukishapita miaka arobaini utahitaji miwani ya kusomea, kama wenzako. Mimi narekebisha kuona mbali. Uzee siuwezi."

Mwatumu alicheka, kisha akaacha, akangoja majibu. Alikubaliwa.

Aliagizwa aje bila wanja, bila mafuta usoni, bila manukato. Wanja aliacha, ingawa alijiona kama mgonjwa wa malaria. Lakini asubuhi ya upasuaji Bi Hamisa, aliyemsindikiza, akazifukiza nguo zake zote udi. Kwa akili yake, manukato ni yale ya chupa. Udi ni moshi tu, na mwanawe hawezi kukabidhiwa mikononi mwa watu hanukii.

Nesi alimpokea mlangoni, akanusa. "Dada, harusi iko wapi?"

Ikabidi waelezwe kwamba harufu kali inaweza kuvuruga kazi ya mashine. Mwatumu akapelekwa kuoga, akavalishwa gauni la hospitali, na zamu yake ikasogezwa mwisho. Bi Hamisa akabaki ananung'unika kwenye benchi: hospitali gani hii inayokataa baraka?

Hakulazwa usingizi. Alitiwa matone ya ganzi, kifaa kidogo kikazuia kope zisifumbe, akaambiwa atazame taa ya kijani. "Utasikia jicho linakandamizwa," alisema daktari, "na kutakuwa giza kidogo. Usishtuke." Jicho likakandamizwa, giza likaja, na hapo Mwatumu aliogopa kwelikweli. Alidhani ndiyo basi. Kisha mwanga ukarudi, daktari akafunua utando mwembamba juu ya jicho, mashine ikaanza kutatarika, na harufu kama ya unywele ulioungua ikamfikia. Hakumaliza sura fupi ya Kurani aliyokuwa akiisoma moyoni, jicho la kwanza likawa tayari.

Wanaosimulia kwamba mtu anainuka pale pale na kusoma gazeti wanatia chumvi. Mwatumu aliona kama anayetazama kupitia glasi ya maziwa. Ganzi ilipoisha, macho yaliwasha na kuchuruzika kama amemenya gunia zima la vitunguu. Alilala jioni ile na vikinga vya plastiki machoni, asije akajifikicha usingizini. Asubuhi, wakielekea kuonwa na daktari, akasoma bango la ng'ambo ya barabara. Akalisoma tena, kwa sauti. Bi Hamisa akaangua kilio katikati ya njia.

Kazi haikuishia hapo. Kwa muda hakuruhusiwa kutia maji usoni, akawa anatayamamu badala ya kutawadha. Matone aliyatia kwa saa zake. Vumbi la saruji alikatazwa, hivyo dukani hawakumwona kwa siku kadhaa. Taa za malori zilikuwa na miduara ya mwanga kila jua likizama, na macho yalikauka kama yameingia mchanga. Yote hayo alikuwa ameshaambiwa, na pole pole yakapungua.

Alipopewa ruhusa ya kusafiri kwenye vumbi, alikwenda kijijini. Akiwa kwenye njia ya mashamba ya mahindi, akaona mtu anakuja toka mbali. Akaona jembe begani, akaona rangi ya kanga, akaujua mwendo kabla ya sura. Bi Husna, peke yake! Mwatumu alifurahi mno. Akajizuia asipige kelele kama mhuni, akangoja wakaribiane.

Bi Husna akasimama mbele yake, akainua uso, akakunja macho.

"Shikamoo," alisema Bi Husna.

Mwatumu alipigwa na butwaa. Marahaba haikuwa yake kuitamka. Akamtazama vizuri machoni, akaona katikati ya mboni pamekuwa peupe kama maji ya mchele.

"Mama mkubwa, ni mimi. Mwatumu. Shikamoo."

Bi Husna hakuitikia. Aliteremsha jembe, akaliegemea.

"Nilimpita Mzee Sadala njiani, watu wakasema nina kiburi," alisema hatimaye. "Nikaona bora nimwamkie mtoto kuliko nimpite mkubwa. Sasa namwamkia kila anayekuja."

"Huyo ni mtoto wa jicho, mama. Anatolewa. Nitakupeleka."

"Ngoja kwanza. Siku ile Segera. Kweli hukuniona?"

"Sikukuona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Bi Husna akageuza uso upande wa mahindi.

"Ningekuita jina tu," alisema. "Jina tu, mwanangu." Kisha akanyoosha mkono, akautafuta mkono wa Mwatumu mpaka akaupata. "Marahaba."