Kikombe cha Kwanza cha Rispah

Rispah Nabwile, jirani yangu wa Kibomet, amepika busaa, ile pombe ya nafaka, ya shughuli za ukoo wao kwa miaka ishirini na miwili. Kazi iliyomharibu mikono ni kukamua machicha kwenye gunia. Mwaka jana viganja vilivimba, akashindwa hata kufunga kifungo cha gauni.

Ndipo akawaza kuibadilisha sufuria yake kubwa ya stili. Alishona mfuko wa kitambaa cha pazia, unaoingia ndani ya sufuria na kukunjwa mdomoni. Unga uliokaangwa na kimea cha wimbi vinakaa mfukoni, mfuko ndani ya maji ya moto. Baadaye unauinua kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti, na machicha yote yanatoka nao. Chini aliweka sahani ya bati yenye matundu ili mfuko usiungue. Kilichobaki kilikuwa koki ya kutolea pombe, na hiyo alimpelekea Kizito, fundi wa pale stendi, ailehemu kwenye sufuria.

Busaa hii ya kwanza ilikuwa ya Fridah, binti ya Mukhisa, kaka yake Rispah aliyeko Bungoma. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa Jumamosi. Jumanne nilimsaidia kuuvuta mfuko. Ulipanda ukichuruzika vizuri, naye akacheka kama msichana. Sufuria ikafunikwa, ikakaa siku nne.

Jumamosi asubuhi tulimimina kwenye mitungi. Pombe ilipokwisha, Rispah aliinama ndani na tochi.

"Njoo uone," akaniambia.

Kuizunguka koki, kwa ndani, palikuwa na mshono wa kulehemu. Jumanne ulikuwa mweusi na wenye vinundu. Sasa uling'aa kama kijiko kipya.

"Nani amesugua hapa?"

Hakuna aliyesugua. Alimpigia Kizito simu, akaweka sauti nje.

"Kizito, ulilehemu na nini?"

"Ni risasi tu, mama. Ile ya kuzibia redieta. Kwani inavuja?"

"Haivuji."

"Basi mbona unanitisha asubuhi asubuhi? Mimi sifanyi kazi ya kuvuja, bana."

Rispah alikata simu. Muuguzi wa zahanati aliwahi kutuambia kwamba risasi ikiingia kwenye chakula haiui siku hiyo, inakaa mifupani, na baadaye huchora mstari mweusi ufizini. Na busaa ni chachu, hula madini. Ndiyo iliyousugua ule mshono.

"Nilionja vikombe viwili jana," akasema polepole.

Akampigia Mukhisa.

"Ati sufuria inang'aa?" Mukhisa akafoka. "Rispah, wazee wa watu wako njiani! Umeonja, umekufa? Leta pombe."

Tulipakia mitungi kwenye pikapu, tukaondoka kwenda Bungoma. Njiani, mara mbili Rispah alijitazama ufizi kwenye kioo cha pembeni.

Kwao, aliyepika hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna sumu. Wazee saba walikuwa wamekaa uani, kofia magotini. Mukhisa alijaza kikombe mwenyewe na kumkabidhi dada yake, akimkazia macho. Rispah akakipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilimwona akiwaza kile ambacho mimi pia nilikuwa nakiwaza: akinywa, hataanguka. Wazee watamwona mzima, watakunywa mpaka jioni, na hakuna atakayejua.

Kikombe kilifika mdomoni, kikabaki hapo.

"Mama, unaogopa pombe yako?" mzee mmoja akatania. Wenzake wakacheka.

"Ndiyo, baba," Rispah akasema. "Naiogopa."

Kicheko kikakatika. Akaeleza yote: mfuko, koki, risasi, ule mng'aro.

"Lakini si unaweza kuonja kidogo tu?" mzee akauliza.

"Nikionja nitakuwa nimewadanganya. Kuonja kwangu hakuwezi kuwaonyesha kitu."

Mukhisa alimnyang'anya kikombe. "Anawachezea wazee! Amechoka, hajalala—"

Rispah hakumjibu. Aliuinua mtungi wa kwanza kwa vile viganja vyake vibovu na kuumimina nyuma ya jiko. Wa pili. Wa tatu. Wazee walitazamana, nilisikia mmoja akinong'ona kwamba ni madharau, binti ananyimwa kwa hila.

Kisha kuku wa Mukhisa wakaja mbio kwenye lile tope la pombe, kama wanavyofanya siku zote.

Rispah alipiga ukelele. Aliwafukuza kwa kanga, akaanguka, akainuka na magoti yenye matope, akawa anafukia kwa udongo kwa mikono, analia, "Tokeni! Tokeni hapa!" Kuku mmoja alikuwa na tone mdomoni, Rispah akamkamata na kumpangusa kwa pindo la gauni.

Yule mzee aliyetania alisimama. Akachukua jembe lililoegemea ukuta wa jiko, akaanza kufukia pamoja naye.

"Mukhisa," akasema bila kuinua kichwa, "waambie watupikie chai."