Kumsikia Binti Yetu Angani

Mume wangu anaamini hakuna ugonjwa wa redio usiotibika kwa mwanzi mrefu. Hapa Makambako wengi wanaamini hivyo: televisheni ikianza chenga, mtu anakata mwanzi mrefu zaidi, anapandisha antena. Kwa hiyo binti yetu alipotuletea kiredio cha kusikilizia marubani, mzee alitoweka, akarudi na mwanzi uliolipita paa la jirani.

Binti mwenyewe ni rubani msaidizi. Tangu utotoni ana kigugumizi. Shuleni kutaja jina lake tu mbele ya wenzake kulimtoa jasho, na mpaka leo anaona heri atuandikie meseji kuliko kupiga simu. Sasa alikuwa ametuandikia kwamba Jumamosi asubuhi, ndege yao ikitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, yeye ndiye atakayezungumza redioni. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Angani hakuna meseji.

Ijumaa tukajaribu. Niliweka masafa aliyotuandikia, nikatega sikio. Akaja mtangazaji wa redio ya hapa mjini, ambayo mnara wake uko mlimani nyuma ya nyumba yetu, anatangaza mbolea. Nikahamisha: mbolea. Nikahamisha tena: kwaya.

"Labda rubani naye analima," mume wangu akasema.

Akaunga mwanzi wa pili. Kwaya ikazidi nguvu, nikaisikia besi vizuri kuliko ninavyoisikia kanisani. Nikamwambia ashuke kwenye ngazi kabla sijamshusha mimi.

Nikamwandikia binti. Akajibu: "Mama, ng'oeni hiyo antena. Mnara uko karibu mno, unakipigia kiredio kelele sikioni, hakiwezi kumsikia wa mbali. Wekeni kawaya kafupi, halafu mjifiche nyuma ya kilima. Mimi niko juu, kilima hakitanizuia."

Mzee alikataa katakata. Upunguze antena ili usikie zaidi! Jumamosi alikuja hata hivyo, amenuna, hadi kwenye shamba la viazi la dada yangu, bondeni kule Kichiwa, kilima kikiwa kati yetu na mnara. Mkononi alibeba kipande cha mwanzi, eti cha dharura.

Nikachomeka waya usiozidi urefu wa kiganja. Mbolea ikanyamaza. Kwaya ikanyamaza. Ukabaki mchakacho wa upepo kwenye majani ya viazi, na mzee akaanza kuutazama mwanzi wake kwa matumaini. Nilimkazia macho. Mara rubani mmoja wa kiume akapita na maneno yake, safi kabisa, mzee akauweka mwanzi chini.

Kisha ikaja sauti ya kike, kwa Kiingereza. Ni yeye. Akaitaja ndege yake, akataja namba, akafika kwenye neno fulani, akakwama. Redio ilibaki wazi, haina neno. Nilifungua mdomo nimmalizie, na neno lenyewe silijui. Tukaisikia pumzi yake ikiingia. Akalitamka, akaendelea mpaka mwisho, hakuharakisha.

Mume wangu akaninong'oneza, "Kasemaje?"

Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni.

"Mengi sijaelewa," nikamwambia. "Ila kayasema yote."