Nilitoa magunia ku ngazi sababu ya padiri, imbwa ya Papa yangu akaanguka

Wakuu wa humu ndani, jambo kwenu bote. Niko Butembo, donc mutanivumilia na hii Kiswahili yangu ya Kongo. Hii sikuisikia kwa mutu, ilinipata mimi mwenyewe. Mwenye kucheka imbwa acheke tu, mais asome mupaka mwisho.

Papa yangu alikuwaka na shamba ya kakao kule Mangina. Vita ikamutoa.

Alifika kwangu na mufuko moja ya nguo, magunia ya kakao matupu, na imbwa yake Kapita. Imbwa mukubwa, muzee, mudomo imeshakuwa nyeupe. Kule shambani alikuwaka anazunguka na Papa kila asubuhi sawa musimamizi wa kazi, njo maana ya ile jina.

Sasa mimi napanga ku étage, gorofa ya juu. Ngazi kumi na moja za simenti, nyembamba, zimesimama wima. Mwenye anajua milima ya Butembo anajua vile tunajenga huku.

Kapita hakukuwa ameona ngazi hata siku moja. Alibaki chini analia, na Papa juu anakataa kula.

Nikasema nitamufundisha. Bibi yangu Masika, mama ya batoto, akanicheka: "Weye! Batoto bako hesabu inabashinda, unafungulia imbwa masomo?"

Mais masomo ilitembea vizuri, wakuu.

Nilianza kumukata makucha, sababu yalikuwa yanamutelezesha. Nikalaza yale magunia ya kakao ku kila ngazi, nikayafunga nguvu. Nafikiri harufu ya shamba pia ilimusaidia.

Nikapitisha kitenge ya Masika chini ya tumbo yake. Kumushikilia kidogo tu, hapana kumubeba.

Siku ya kwanza: ngazi moja, sambaza moja, kale kasamaki kadogo ka kukauka, basi. Kesho yake mbili. Mimi nasimama kila mara upande ya chini, akiteleza aangukie kwangu. Kushuka njo kulikuwa kugumu, sababu uzito yote inaenda ku miguu ya mbele. Akichoka tunaacha. Muzee haumusukumi.

Wiki ya tatu akafika juu. Papa akashika kile kichwa na mikono mbili, akalia. Mimi sikukuwa nimeona Papa analia, hata siku tulizika mama.

Kisha moyo ya Papa ikachoka. Docteur akasema apumuzike, tusimusumbue. Akawa wa kitandani, na Kapita anapanda kila siku kulala pembeni yake. Padiri akatuma habari: Alhamisi atakuja kumupaka mafuta ya bagonjwa.

Hapa ujinga yangu njo inaanza.

Munatujua sisi Bakatolika ya huku. Padiri akisema anakuja nyumbani, hata kuku anaoga. Nikaangalia yale magunia, machafu, yamejaa manyoya, nikasikia haya. Nikayatoa yote. Masika akauliza, "Na imbwa?" Nikamujibu, "Saa moja tu, iko chini, itangoja."

Tukaosha ngazi, tukapakaa cire, ile nta nyekundu ya simenti, mupaka zikangaa.

Padiri akapanda vizuri. Mbele sala ianze, Papa akaita, "Kapita!" Alitaka akuwe karibu.

Kapita akasikia sauti, akapanda mbio. Karibu afike, akateleza. Akaanguka mupaka chini, na mimi nasikia kila ngazi.

Hakuvunjika, mais kiuno iliumia. Na woga ikamuingia. Toka siku ile, ukimusogeza ku ngazi anakojoa. Nilirudisha magunia, nikaleta kitenge, nikaleta sambaza. Wapi!

Tukajaribu kumubeba, mimi na Masika. Akalia vibaya sana. Papa akasikia kule juu, akasema, "Mumuache. Munamuumiza sababu yangu."

Kila asubuhi Papa ananiuliza, "Kapita iko wapi?"

Namujibu, "Anakuja, Papa."

Tukapatana na kaka yangu mukubwa, grand frère Kambale, mwenye iko Musienene: siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, tutamushusha Papa ndani ya kiti, banaume bane, polepole. Hata docteur akakubali.

Papa akafa Jumamosi asubuhi.

Tukamuzika, batu bakarudi kwabo. Siku ya tano niko chumbani mwake nakunja nguo, nikasikia makucha ku ngazi. Kapita anapanda. Pekee yake. Moja, anapumuzika. Moja tena. Nilishikwa na machozi, sikumugusa.

Akaingia. Akanusa kitanda, matela, godoro yake, tulikuwa tumeshatoa. Akazunguka mara mbili, kisha akaniangalia mimi.

Wakuu, nilimuomba pardon. Imbwa, ee. Mucheke.

Kama uko na imbwa muzee na ngazi mbaya, fanya vile nilifanya mwanzo. Na kile kitu unaweka cha kumusaidia, usikitoe hata kwa dakika, hata akuje Askofu. Mugeni anaenda kwake, weye unabaki na yako.

Mais niko na swali, na njo maana nimeandika. Tangu siku ile Kapita hataki kushuka. Analala ku simenti mahali kitanda ya Papa ilikuwa, nayo tulishaitoa. Chakula namuletea, kinyesi nasafisha mimi, Masika amechoka.

Mwenye alishaona hii aniambie: nianze tena kumufundisha kushuka, ao nimuache angoje?