Sauti Niliyofundishwa Kutoisikia

Baba alinifundisha kuchonga mpingo kabla sijajua kusoma, na somo la kwanza halikuwa la patasi. Lilikuwa la masikio. Ukishakaa chini, miguu umeinyoosha, gogo umelibana kwa nyayo, huinui kichwa. Anayeingia hasalimii, hata kama ni mdogo wako anayepaswa kukupa shikamoo. Anasimama pembeni mpaka uweke nyundo chini, kwa sababu mchongaji akishtuliwa hupasua ama gogo ama kidole. Tulikuwa watoto wanne tukichonga kwa pamoja, nyundo zinalia kila upande zikifuata mapigo ya baba, na aliyegeuka kumtazama mwenzake alichapwa gotini kwa mpini.

Kwa hiyo nikawa hodari wa kuzama. Kazi ikinishika, njaa inaniacha, mgongo unaacha kuuma, saa haipo tena. Kinachobaki ni ncha ya patasi na mahali inapotaka kwenda. Wateja wanaisifu tabia hiyo. Mke wangu haisifu hata kidogo. Anasema kuolewa na mimi ni kama kuolewa na mtu aliyesafiri, tofauti ni kwamba huyu bado anahitaji kupikiwa.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi huko kwetu kusini. Upande wa kulia ukapooza, na sauti ikakatika kabisa. Nikaenda kumchukua, nikamleta nyumbani kwangu Bunju. Mke wangu ni mwalimu, anatoka alfajiri pamoja na watoto, kwa hiyo mchana tulibaki wawili: mimi chini ya bati langu nyuma ya nyumba, na baba kwenye kiti chake cha mbao, hatua kumi kutoka nilipo, kwenye kivuli cha ukuta.

Hakuweza kuita, basi tukamtafutia kitu cha kuniitia. Tulimpa sufuria na kijiko, akavisukuma. Akaonyesha vifaa vyangu. Nikamsogezea, naye kwa mkono wa kushoto akachagua nyundo yake mwenyewe ya zamani, ile ya mti, akagonga mkono wa kiti mara tatu. Tulicheka kwa furaha, mke wangu mpaka machozi. Kati yetu sote hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Wiki ya pili nilikuwa na kazi kubwa, gogo refu la watu waliopandana mabegani, mteja akilisubiri. Nilizama asubuhi. Nakumbuka kwamba siku ile mkono wangu ulikuwa mwepesi, ukienda kwa mapigo mazuri yasiyochoka, na nilijisikia mtoto. Kilichonitoa ni jirani yetu, mama anayeuza vitumbua, aliyenishika bega akanitikisa.

"Jirani, mie nilidhani mnafanya kazi wawili," akasema. "Kumbe mzee anakuita."

Jua lilikuwa limezunguka ukuta. Baba alikuwa juani, shingo imelegea, midomo imepasuka, na mkono wa kushoto bado unagonga. Jirani alisema alikuwa akitusikia tangu alipokuwa akisonga ugali wa mchana: mmoja anapiga, mwingine anajibu. Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemsikia. Mkono wangu ulikuwa ukifuata nyundo yake, kama alivyonifundisha, yeye anapiga na mimi naingia katikati. Nilimnywesha maji kwa kijiko, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu.

Dada wa hospitali aliyekuwa akija kumnyoosha baba viungo alijaribu kunifariji. Alisema ubongo hauwezi kubeba kila sauti; ile uliyoizoea unaiweka kando bila kukuuliza, ndiyo maana watu wa kando ya barabara wanalala na malori yanapita. Nilimjibu kwamba naelewa. Sikumwambia kwamba ubongo wangu haukuzoea wenyewe. Ulizoeshwa kwa mpini wa nyundo, na aliyeuzoesha ndiye huyo mzee ambaye yeye anamnyoosha vidole.

Mke wangu akanunua kengele ya baiskeli, tukaifunga kwenye kiti kwa kamba. Hata kiziwi anaisikia, alisema, na kweli nilikuwa nikiisikia. Niliisikia ilipolia na niliisikia isipolia. Kila nikikaribia kuzama, sikio moja linabaki nje, linasubiri, na patasi inajua. Niliharibu uso wa kwanza, nikaharibu wa pili. Nikawa naamka asubuhi nimechoka tayari, nakaa mbele ya gogo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na ufunguo uko mezani, anauona dirishani. Nilimkasirikia baba. Acha niseme ukweli, kuna siku nilimchukia, na kila alipopiga kengele kwa jambo dogo, nzi au mto wa kiti, nilimjibu kwa sauti ambayo yeye asingeivumilia wakati ana nguvu. Alikuwa akinitazama tu.

Kisha ikaja siku moja baada ya mvua, hewa imepoa, na kazi ikanichukua. Sikuitafuta. Nilishtukia nimeweka patasi chini na uso upo, umekamilika, macho yake yamekaa sawa, na kivuli kimehamia upande wa pili wa ua. Nikaruka nikakimbia.

Baba alikuwa kivulini, kiti nilikuwa nimekiweka vizuri safari hii. Lakini alikuwa amejikojolea mpaka miguuni, zamani, nguo imeanza kukauka, na nzi wamejaa. Kengele haikuwapo kwenye kiti. Kamba ilikuwa inaning'inia. Niliitafuta chini, nikaitafuta nyuma, mpaka nilipomwinua kumbadilisha nikaikuta. Alikuwa ameifungua kwa mkono ule mmoja, sijui kwa muda gani, akaikalia.

"Baba, kwa nini hukuniita?"

Akanyoosha kidole kwenye gogo langu. Nikalileta, nikalilaza mapajani mwake. Akapitisha kidole gumba juu ya uso ule, polepole, kwenye paji, kwenye jicho, kwenye jicho la pili, na hakuonyesha kosa. Maisha yangu yote hakuwahi kuushika mchongo wangu bila kuonyesha kosa.

Nilimwosha, nikamvalisha. Kisha nikachukua waya na koleo, nikaifunga kengele upya kwenye kiti, mizunguko minne, nikaukaza mpaka mkono mmoja usiweze kuufungua. Yeye alinitazama nikifunga mpaka mzunguko wa mwisho, halafu akageuza uso wake ukutani.